Baada ya Tundu la Moyo Kuzibwa: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Tangu tuandike kuhusu matundu ya moyo, barua nyingi zinazotufikia zinatoka kwa watu ambao tundu lao limeshazibwa. Wamepewa karatasi ya ruhusa na mfuko wa dawa, wamefika nyumbani, na sasa hawajui wamuulize nani. Tumechagua barua tano ndefu na maswali machache mafupi.

Kabla ya kusoma, toa karatasi yako ya ruhusa uangalie mambo mawili. La kwanza ni aina ya tundu. ASD ni tundu kwenye ukuta wa vyumba vya juu vya moyo, VSD liko kwenye ukuta wa vyumba vya chini. La pili ni njia iliyotumika: ama ulipitishiwa katheta (mpira mwembamba) kwenye mshipa wa paja ukawekewa kifaa, ama ulifunguliwa kifua ukashonwa au kuwekewa kiraka. Masharti ya njia hizi mbili yanatofautiana sana, na matatizo mengi ya nyumbani huanza pale mgonjwa anapofuata masharti ya jirani aliyefanyiwa kwa njia nyingine. Maneno ya daktari wako yakipishana na yetu, shika ya kwake. Yeye ameuona moyo wako.

Moyo unaruka usiku

*Nina miaka 34. Niliwekewa kifaa cha kuziba ASD kupitia paja, sasa ni wiki ya tatu. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto nausikia moyo unaruka, unasimama kidogo, kisha unapiga kishindo. Naogopa kifaa kimelegea. — Dada wa Morogoro*

Dada, hicho kishindo kina maelezo. Pigo moja limekuja kabla ya wakati wake, moyo ukapumzika kidogo kuliko kawaida, na katika mapumziko hayo ukajaa damu nyingi zaidi. Pigo linalofuata linasukuma damu yote hiyo, ndiyo maana unalisikia kwa nguvu. Ukilalia kushoto moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua, kwa hiyo unausikia zaidi, ingawa haujabadilika.

Mapigo ya namna hii ni ya kawaida katika wiki na miezi ya mwanzo. Kifaa chako ni nyavu laini ya nitinoli, yaani nikeli na titani, yenye diski mbili zilizounganishwa kwa shingo fupi mithili ya vifungo viwili vya koti vilivyoshonwa mgongo kwa mgongo: diski moja upande huu wa ukuta, nyingine upande wa pili. Ukuta wa moyo unakisikia kitu hiki kigeni na kukasirika kidogo. Tena chumba cha juu cha kulia kilikuwa kimetanuka kwa miaka mingi kwa kupokea damu isiyo yake. Kitapungua, lakini taratibu.

Kuhusu kulegea: kifaa kikihama, mara nyingi huhama ndani ya saa 24 za kwanza. Ndiyo sababu ulipigwa eko, yaani altrasaundi ya moyo, kabla ya kuruhusiwa. Baada ya hapo utando wa mwili wako huanza kuota juu yake, na kwa kawaida huwa umekifunika kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kukohoa, kupiga chafya, kucheka au kulala kifudifudi hakuking'oi.

Unachoweza kufanya ni kuweka daftari dogo karibu na kitanda. Moyo ukiruka, andika tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, hali imedumu dakika ngapi, na idadi ya mapigo. Kuhesabu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu sekunde 60 kamili. Usihesabu 15 ukazidisha kwa nne. Mapigo yasiyo na mpangilio hayahesabiwi hivyo. Punguza kahawa na chai ya rangi iliyokolea, acha kabisa vinywaji vya kuongeza nguvu, na usinunue dawa ya mafua dukani bila kuuliza kama ina psudoefedrini, maana huamsha mapigo haya vibaya. Kunywa maji ya kutosha. Ukienda kliniki omba wapime wingi wa damu, na kama unatumia Lasix (dawa ya kukojoa), wapime potasiamu pia.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukiweza wakati hali inaendelea ili ECG (kipimo cha umeme wa moyo) iikamate, kama mapigo yamepita 120 kwa dakika ukiwa umetulia na hayashuki, au kama yamevurugika kabisa bila mpangilio wowote. Huenda vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Damu ikituama humo inaweza kuganda, donge likaenda kwenye ubongo. Hali hiyo inatibika ikiwahiwa.

Kuna hatari moja adimu ambayo haina budi kutajwa: kifaa kinaweza kusugua ukuta wa moyo hadi kuutoboa. Inaweza kutokea hata baada ya miezi au miaka. Maumivu mapya ya kifua, kukosa pumzi ghafla au kuzirai kwa mtu mwenye kifaa ni dharura, na neno la kumwambia daktari wa zamu ni hili: "Nina kifaa moyoni, naomba eko sasa."

Mfuko wa saruji ni kilo 50

*Nina miaka 29, kibarua wa ujenzi hapa Mombasa. Niliwekewa kifaa wiki mbili zilizopita. Kinena kina uvimbe mdogo na rangi ya bluu imeshuka hadi nusu ya paja. Nitarudi kazini lini? Mgongo nao unaniuma, nanunua diklofenaki.*

Ndugu, tuanze na hiyo diklofenaki: iache leo. Bila shaka umepewa aspirini, kwa kawaida miligramu 75 hadi 100 kwa siku kwa angalau miezi 6, na pengine klopidogreli miligramu 75 kwa mwezi mmoja au zaidi. Dawa hizi zinazuia damu kuganda juu ya kifaa kabla hakijafunikwa na utando. Ukiongeza diklofenaki unakaribisha vidonda vya tumbo vinavyotoka damu. Ibuprofeni ina ubaya wa ziada, kwa kuwa inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Kwa mgongo tumia parasetamoli, gramu 1 hadi mara tatu kwa siku, ukiacha angalau saa 6 kati ya dozi moja na nyingine. Ukiona choo cheusi kinachonata, nenda hospitali.

Rangi ya bluu inayoshuka pajani ni damu iliyovuja chini ya ngozi siku ya kwanza. Inateremka kwa uzito wake, inageuka kijani kisha njano, na huisha kwa wiki mbili au tatu. Kijiuvimbe kigumu kama punje ya harage nacho kitayeyuka. Kisichofaa ni uvimbe unaokua, unaodunda ukiugusa, au wenye maumivu makali. Huo unataka altrasaundi ya paja, kwa sababu mshipa mkubwa huenda unavuja. Mguu mzima ukivimba na kigimbi kikauma, pengine damu imeganda ndani ya mshipa. Na kama kidonda kitaanza kutoka damu, lala chali, mtu abonyeze palepale kwa nguvu kwa dakika 10 za saa, bila kuchungulia. Kuchungulia kila dakika ndiko kunakofanya damu isikate.

Sasa kazi. Wiki ya kwanza huruhusiwi kuinua zaidi ya kilo 5 hivi, yaani kidumu cha lita tano. Hadi mwisho wa mwezi fanya kazi nyepesi: kupima, kusimamia, kuchanganya rangi. Saruji isubiri eko. Mtu anapoinua kilo 50 huziba pumzi na kujikamua, na hapo shinikizo ndani ya kifua hupanda ghafla. Madaktari wengi huruhusu kazi ya kawaida eko ya mwezi wa kwanza ikiwa nzuri, lakini kwa mizigo mizito na michezo ya kugongana kama ndondi wako wanaotaka miezi mitatu, wengine sita. Omba barua yenye tarehe. Msimamizi wa mjengo huheshimu karatasi yenye muhuri kuliko maneno yako.

Ukianza kazi ukiwa bado kwenye dawa hizi mbili, msumari ukikuchoma damu itachelewa kukata, basi bonyeza dakika 10. Ukianguka ukagonga kichwa, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima, maana damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Ukisahau kidonge cha leo, kesho meza kimoja kama kawaida, wala usilipizie viwili. Na asitokee mtu, hata daktari wa meno, akakusimamishia dawa kabla hajazungumza na daktari wako wa moyo.

Binti amerudi kukojoa kitandani

*Binti yangu ana miaka sita, alifunguliwa kifua kuzibwa VSD, leo ni wiki ya tatu. Anaamka usiku akilia, amerudi kukojoa kitandani, hataki nimguse kifuani, na akiona mtu wa koti jeupe anapiga mayowe. Bibi yake anasema nimemdekeza. Kovu nalo linawasha. — Mama, Tanga*

Mama, hujamdekeza. Mtoto wa umri huo ameamka mahali asipopajua, mipira imemtoka kifuani na shingoni, na watu aliowaamini walikuwepo wakaacha afanyiwe. Kurudi nyuma kitabia, kung'ang'ania mama, ndoto mbaya na kukojoa kitandani huonekana sana katika wiki za kwanza na mara nyingi hupungua ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Hata hivyo, angalia kwanza mfuko wa dawa. Watoto wengi hutoka hospitali na Lasix, dawa ya kukojoa, na ikiwa dozi ya pili anapewa saa 12 jioni, hata mtu mzima angelowesha. Muulize daktari kama inaweza kusogezwa hadi saa 8 mchana. Kama mkojo unamchoma au una harufu kali, upimwe, kwa sababu alikuwa na mpira wa mkojo.

Kwa hofu yake, mpe nafasi ya kucheza kilichompata. Mtengenezee mwanasesere wa kitambaa, mfunge bendeji kifuani, mpe bomba la sindano lisilo na sindano, na yeye awe daktari. Usimsahihishe. Akimchoma mwanasesere mara ishirini, mwache. Siku ya kliniki mwambie ukweli asubuhi: "Leo watakupaka mafuta ya baridi kifuani na kukuangalia kwa mashine, haiumi. Pengine watatoa damu, hiyo inauma kidogo." Ukimwambia mnakwenda kununua aiskrimu kisha akajikuta maabara, safari ijayo hatakuamini hata ukisema kweli. Nidhamu ya nyumbani ibaki ileile. Wazazi wengi huacha kumkanya mtoto kwa kuogopa asilie, moyo ukapasuka. Kulia hakupasui moyo ulioshonwa vizuri, na mtoto asiyekanywa huona kwamba bado kuna jambo la kutisha ambalo hajaambiwa.

Kidari kilikatwa kwa msumeno na kufungwa kwa nyuzi au waya, na huchukua wiki sita hadi nane kuunga. Katika muda huo asiinuliwe kwa kushikwa makwapa au kuvutwa mikono. Pitisha mkono mmoja nyuma ya mabega, mwingine chini ya makalio, umzoe kwa pamoja. Bibi, shangazi na dada wa kazi wafundishwe pia, kwa vitendo. Asibebwe mgongoni kwa kanga, asipande miti, baiskeli wala bodaboda, na asibebe begi la shule. Akikohoa, akumbatie mto mdogo kifuani. Shule anaweza kurudi kati ya wiki ya nne na ya sita, akianza na nusu siku. Mwandikieni mwalimu kwamba mtoto asicheze mchezo wowote wa kusukumana hadi daktari aseme, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi.

Kovu linawasha kwa sababu linapona. Likishafunga kabisa bila ukoko, paka mafuta ya kawaida yasiyo na manukato. Katikati ya kifua ni sehemu inayopenda sana keloidi (kovu nene linaloota kupita kidonda), na ngozi zetu ndizo zinazoongoza kwa hilo. Jeli au plasta ya silikoni, ikivaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi miwili hadi mitatu, husaidia kulilaza. Kovu likianza kuinuka na kutambaa nje ya mstari wake, liwahi kwa daktari wa ngozi likiwa changa, kwa kuwa sindano ya steroidi hufanya kazi vizuri zaidi mapema. Usipake majivu, dawa ya meno wala asali kwenye kidonda kibichi. Kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au ukisikia kidari kinalia "tik" anapojigeuza, mrudishe hospitali.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hazikuambiwa. Kati ya wiki ya kwanza na ya sita baada ya kufunguliwa kifua, maji yanaweza kujikusanya kuzunguka moyo. Kwa mtu mzima dalili ni homa na maumivu ya kifua yanayozidi akilala chali na kupungua akiinama mbele. Mtoto mara nyingi haonyeshi hayo: anatapika, anakataa kula, tumbo linamuuma, anapauka na kulegea. Akipelekwa zahanati anaweza kuandikiwa dawa ya minyoo. Binti yako yuko ndani ya wiki hizo. Ukiona hali hiyo, dai eko siku hiyo hiyo.

Homa isiyoisha

*Mwanangu ana miaka 19, miezi minne tangu awekewe kifaa. Wiki tatu sasa ana homa za jioni. Tumetibu malaria mara mbili, kipimo cha pili kilikuwa hasi, na taifodi mara moja. Akimeza antibayotiki homa inashuka, akimaliza inarudi. — Mzazi, Bukoba*

Mzazi mwenzetu, swali lako ndilo la haraka kuliko yote, na kama lingefika kwa simu tungesema aende leo. Bukoba kuna malaria, kwa hiyo kuipima ni sahihi. Lakini homa inayorudi kwa mtu aliyewekewa kifaa moyoni chini ya miezi sita iliyopita ihesabiwe kuwa maambukizi ya utando wa ndani wa moyo hadi ithibitishwe vinginevyo. Bakteria hujishika kwenye kifaa ambacho bado hakijafunikwa chote. Dalili nyingine ni jasho la usiku, kupungua uzito, madoa madogo mekundu chini ya kucha, damu kwenye mkojo, na mbaya zaidi, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili.

Mtindo unaoueleza, homa kushuka na kurudi, ni wa antibayotiki za siku tano au saba: zinapunguza bakteria bila kuwamaliza. Madhara yake ya pili ni kwamba damu ikija kuoteshwa maabara ili bakteria waonekane, hakuna kinachoota, na daktari anabaki kubahatisha dawa. Kipimo cha Widal cha taifodi nacho hupotosha mara nyingi, kwani huweza kuwa chanya kwa mtu asiye na taifodi.

Basi, asimeze antibayotiki nyingine ya duka. Mpeleke hospitali yenye maabara ya kuotesha damu. Kwa ukanda wenu, Bugando mjini Mwanza ni hospitali ya rufaa ya kanda. Nenda na karatasi ya ruhusa na kadi ya kifaa, uandike majina ya dawa zote alizokwisha kumeza na tarehe. Damu ichukuliwe mara tatu, kila mara kwa kuchoma mahali papya, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Kisha eko, na huenda ikahitajika ile ya kumeza mpira, inayopiga picha kutoka kwenye koo la chakula, kwa sababu ya kifuani hukosa uvimbe mdogo. Kama amefika akiwa amechanganyikiwa au presha imeshuka, watatoa damu na kuanza dawa papo hapo bila kungoja majibu. Matibabu ni ya sindano, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Ni marefu, na yanaponya yakianza mapema.

Kwa wasomaji wengine wenye kifaa: mlango mkuu wa bakteria hawa ni mdomo. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na usiache jino bovu "kwa sababu nina moyo". Katika miezi sita ya kwanza, kabla ya kung'oa jino au kusafishwa fizi, mtu mzima humeza amoksilini gramu 2 kwa mkupuo, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, dakika 30 hadi 60 kabla. Mtoto hupewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi gramu 2. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema apewe nyingine. Baada ya miezi sita, kama eko inaonyesha tundu limeziba kabisa, huhitaji tena. Kama bado linavuja pembeni ya kifaa, endelea.

Wote wanasema nishukuru

*Nina miaka 41, mwalimu, Nakuru. Nilifunguliwa kifua kuziba ASD miezi miwili iliyopita. Wenzangu walifanya harambee. Wakija kunitazama natabasamu, wakiondoka najifungia bafuni nalia. Siwezi kupanda ngazi bila kushika kifua. Nimehamia chumba cha watoto kwa sababu naogopa kumgusa mke wangu. Je, ni imani ndogo?*

Kaka, mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa dhati na bado akalia bafuni. Huzuni na wasiwasi baada ya upasuaji wa moyo ni jambo ambalo madaktari wa moyo wanalijua na wanapaswa kukuuliza. Kama hawakukuuliza, watajie wewe.

Kwanza ondoa sababu za mwili, kwa kuwa nyingi hufanana na huzuni. Upasuaji hupunguza damu, na mwenye upungufu wa damu huchoka, hukosa usingizi mzuri na huona kila kitu kizito. Pima. Dawa kama atenololi na propranololi, zinazopunguza mwendo wa moyo, huweza kuleta uchovu na ndoto mbaya. Amiodaroni huvuruga tezi ya shingo, na tezi ikilala mtu huzubaa. Maumivu ya kidari yasiyotibiwa vizuri hukata usingizi. Usiyavumilie kishujaa.

Kisha kuna hofu yenyewe. Ukipanda ngazi, moyo unakwenda mbio, kama wa mtu yeyote. Wewe unausikia, unashtuka, mshtuko unauongeza mbio, unakaa chini, na unaondoka na somo kwamba ngazi zingekuua. Kila unapoziepuka somo linakaza. Dawa yake ni kuzirudia kwa kipimo. Anza na kutembea tambarare dakika 10 asubuhi na 10 jioni, uongeze dakika 5 kila baada ya siku tatu au nne hadi ufike 30. Kasi iwe ile unayoweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Kisha ngazi tano, pumzika, ngazi kumi, hadi ghorofa moja, hadi mbili. Siku za kwanza tembea na mtu, baadaye peke yako, kwa makusudi. Simama kama kifua kinabana, kichwa kinazunguka au pumzi haikai sawa baada ya dakika kadhaa za kupumzika. Moyo kwenda mbio peke yake si sababu ya kusimama.

Ghorofa mbili hizo zinajibu pia suala la mkeo. Anayeweza kuzipanda kwa mwendo wa kawaida bila kuhema sana, moyo wake unalimudu tendo la ndoa. Kwa aliyefunguliwa kifua, subirini kidari kiunge, wiki sita hadi nane, na mchague mkao usioweka uzito wako kwenye mikono wala wake kifuani mwako. Aliyewekewa kifaa kupitia paja hungoja takriban siku kumi, kinena kipone. Lakini rudi chumbani leo. Kulala kitanda kimoja hakuhitaji ruhusa ya daktari, na mkeo huenda anadhani umemchukia.

Mnaogunduliwa ukubwani mna uchungu mwingine ambao wageni hawauoni. Miaka yote uliitwa mvivu uwanjani, ukapewa dawa za pumu, ukaamini una mwili dhaifu, kumbe damu ilikuwa ikirudi mapafuni kupitia tundu. Kukasirika ni haki yako. Na harambee nayo ina uzito wake: mtu aliyechangiwa hujiona anadaiwa afya njema na uso wa furaha. Hudaiwi. Mteue ndugu mmoja awapokee wageni na kuwaambia "amelala" bila kuona haya, wageni wawili kwa siku wanatosha.

Sasa jiulize maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi nimekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, siku nyingi nimekosa hamu ya vitu nilivyovipenda? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, hiyo inaweza kuwa sonona na inahitaji tathmini. Ushauri nasaha husaidia, na dawa zipo zinazofaa wagonjwa wa moyo, sertralini ikiwa mojawapo. Mweleze tu daktari kama unameza aspirini, kwa kuwa pamoja huongeza hatari ya kutoka damu. Na kama umewahi kuwaza kwamba ni heri usingeamka kutoka usingizi wa upasuaji, mwambie mkeo usiku huu na mwende hospitali asubuhi. Usikae peke yako na wazo hilo.

Mafupi mafupi

*Nifunge Ramadhani? Kifaa kina wiki tano. (Zanzibar)* Muulize daktari baada ya eko ya mwezi wa kwanza. Akiruhusu, klopidogreli ni mara moja kwa siku, imeze baada ya futari. Aspirini imeze na chakula, si kwenye tumbo tupu. Kama unapewa dawa ya kulinda tumbo, omba pantoprazoli, kwa kuwa omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Anayemeza Lasix mara mbili kwa siku asifunge. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na atalipa siku hizo baadaye.

*Naweza kushika mimba? (Kampala)* Kwa aliyewekewa kifaa, subiri miezi sita, dawa za kuzuia damu kuganda zimalizike na eko ionyeshe tundu limefungwa. Wakati unasubiri, epuka vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu huongeza kuganda kwa damu. Kipandikizi cha mkononi ni bora. Mtoto atakayezaliwa apimwe moyo.

*Kwa nini mwenzangu amepitia pajani na mimi nikapasuliwa, wote ASD? (Dodoma)* Kifaa kinahitaji kingo za kushikilia pande zote. Tundu la katikati ya ukuta kwa kawaida linazo. Lililo chini karibu na vali, au juu karibu na mshipa mkubwa unaoingia moyoni, halina. Kubwa kupita kiasi nalo hushonwa. Hukupewa tiba ya daraja la pili: tundu la kwanza kuzibwa kwa msaada wa mashine ya moyo na mapafu, mwaka 1953 huko Philadelphia, lilikuwa ASD na lilishonwa kwa mkono.

*Kichwa kinaniuma na naona vimulimuli tangu niwekewe kifaa. (Arusha)* Kipandauso kipya hutokea katika wiki za kwanza na mara nyingi huisha chenyewe ndani ya miezi michache. Lakini mara ya kwanza lazima uonwe na daktari, hasa kama ulimi unakuwa mzito, mdomo unapinda au mkono unakufa ganzi. Hizo ni dalili za kiharusi, hazingoji asubuhi.

*Mashine za uwanja wa ndege zitalia? MRI je? (Muscat)* Kifaa ni kidogo, kwa kawaida hazilii, na hazikidhuru. Vifaa vingi vya sasa vinaruhusu MRI kwa masharti yaliyoandikwa kwenye kadi, hivyo piga picha kadi hiyo pande zote mbili uihifadhi kwenye simu, na nakala moja akae nayo mtu wa nyumbani.

*Eko ya mwezi wa sita ilikuwa safi. Bado niende kliniki? (Mbeya)* Ndiyo. Baada ya mwezi wa sita hufuata ya mwaka mmoja, kisha kila baada ya mwaka hadi miaka kadhaa kadiri daktari atakavyopanga. Kama Dar es Salaam ni mbali, muulize daktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kama eko inaweza kupigwa karibu nawe na majibu yatumwe kwake, na uhakikishe anayepiga ameandikiwa aina na ukubwa wa kifaa chako kwa milimita.